Jinsi ya Kuimba Kilingala Usichokijua

Kwanza tuelewane, ndugu yangu: Kilingala hukijui. Baba yako hakukijua, na yule mjomba aliyekuwa akifumba macho kila redio ilipopiga OK Jazz naye hakukijua. Mlichorithishana ni "bolingo", "motema", "cherie" na ujasiri. Hilo lisikusumbue. Dar es Salaam na Nairobi zimecheza rumba ya Kongo kwa zaidi ya nusu karne bila kujua zinaambiwa nini, na hakuna aliyewahi kutolewa ukumbini kwa kosa hilo.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuimba kwa sauti, hadharani, maneno ambayo mtunzi hakuyatunga, kisha ukae chini watu wakikuita mtu wa muziki. Ukiufuata utakuwa na toleo lako la kila wimbo, na mara nyingi litakuwa tamu kuliko la mwenyewe. Nitakueleza pia la kufanya siku Mkongo halisi atakapokaa meza ya pili.

Hatua ya 1: Liache sikio liokote

Sikio la Mswahili lina bahati kubwa. Kilingala ni ndugu wa Kiswahili: silabi zake karibu zote zinaishia na irabu, "na-" mbele ya kitenzi ni mimi, "to-" ni sisi, "ba-" ni wao. Mchina akiimba utatoka mikono mitupu. Mkongo akiimba, hata usipojitahidi, utarudi nyumbani na maneno matano uliyoyatambua, yote ya uongo. Uongo wa namna hiyo ndio mtaji wako.

Kanuni ni nyepesi. Ukisikia "ko", weka "ku". Ukisikia "mo", weka "m". Ukisikia "ba", weka "wa". Kinachogoma kubadilika kiache kilivyo, kiimbe kwa huzuni.

Tujaribu. Mwimbaji akisema "mobali", anamaanisha mwanamume, au mume. Wewe utasikia "mbali". Safi sana. Kilio cha mke kimegeuka wimbo wa umbali, na kwa kuwa mume anayeliliwa kwenye nyimbo hizi mara nyingi kweli hayupo nyumbani, hujamkosea mtu. Akisema "mwasi", anamaanisha mwanamke. Wewe utasikia mwasi, yule anayeasi. Usirekebishe. Mtazame mkeo wakati unaimba. Naye amesikia hivyo hivyo, na amependezwa.

Akisema "mbongo", ujue habari ni za pesa, na kwa kawaida ni habari za kutokuwa nazo. Lakini wewe ni mtu wa Bongo. Umesikia Mbongo! Simama, nyanyua chupa, waambie wa pembeni kwamba hawa jamaa tangu zamani walikuwa wanatutaja. Hakuna mwenye shauku ya kukukatalia sifa ambayo na yeye anaipata.

Neno moja tu nakuonya: "liwa". Kwetu Pwani liwa ni ule unga wa mti unaonukia anaopakwa bibi harusi. Kwa Kilingala ni kifo. Ukiliimba kwenye singo mashangazi watapiga vigelegele, ila kama kuna mgeni wa kutoka Kongo utamwona ameshusha sahani taratibu.

Hatua ya 2: Mdomo ufuate, usitangulie

Wanaokamatwa wote wanakamatwa kwa kosa moja: wanaanza mstari pamoja na mwimbaji. Wewe chelewa kidogo, nusu silabi tu. Msubiri atoe neno, nawe ulipokee ukiwa umefumba macho. Macho yaliyofumbwa ni cheti. Nani atamuuliza maswali mtu aliyefumba macho?

Mwanzo wa mstari umung'unye. Katikati tikisa kichwa. Mwisho wa mstari upige kwa nguvu zote, maana mwisho wa mstari ni irabu, na irabu haina kabila. Mwimbaji akimalizia na "e", nawe malizia na "e" yako, ndefu kidogo kuliko yake. Watu hukumbuka miisho. Ndiyo maana tukamsahau kila mgeni rasmi aliyeongea vizuri mwanzoni.

Kama sauti yako inakwaruza, bora zaidi. Itadhaniwa ni ya mtu aliyeishi sana.

Hatua ya 3: Jihadhari na rekodi safi

Wazee wetu waliimba vizuri kwa sababu walisikia vibaya. Walisikia kwenye redio ya mbao, wimbi la kati, usiku, Radio Tanzania ikija na kuondoka. Au walisikia kwenye kaseti iliyorekodiwa kutoka kaseti iliyorekodiwa kutoka kwenye santuri ya mtu wa Kigoma, utepe umelegea, umerudishwa kwa kuzungusha kalamu. Nusu ya konsonanti zilibaki njiani. Palipobaki tundu, mtu aliweka neno lake, na neno la kuziba tundu mtu hulichukua kutoka kwenye shida zake mwenyewe: aliyeachwa alisikia ameachwa, aliyedaiwa alisikia anadaiwa.

Leo simu yako inatoa sauti iliyosafishwa mpaka unasikia mpiga besi akivuta pumzi. Huo ni mtego. Sikio likipewa kila kitu halibuni kitu. Kwa hiyo jifunzie nyimbo zako kwenye daladala ya Mbagala, spika iko chini ya siti ya nyuma, konda anagonga bati, abiria mmoja anagombania chenji. Utakachokisikia humo ni chako peke yako.

Hatua ya 4: Usitafute tafsiri kamwe

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wazuri wanapoharibikiwa.

Mtu ameupenda wimbo kwa miaka. Ameuimba alipopata kazi, ameuimba alipofiwa. Siku moja anamuuliza mtu anayejua: hivi anasemaje? Akishaambiwa, basi. Wimbo umekufa mikononi mwake, na hakuna wa kumrudishia.

Chukua Mario ya Franco wa OK Jazz, ya mwaka 1985. Habari yenyewe ni ya kijana msomi aliyehamia kwa mama mtu mzima mwenye fedha, akalishwa, akavishwa, mpaka mama akachoka naye. Sisi Watanzania tulifanya jambo la ajabu sana. Jina tulilichukua, na hadi leo kijana anayelelewa tunamwita marioo. Wimbo wenyewe tukauacha bila kuuliza zaidi. Kwa hiyo MC anaupiga bwana harusi akiingia ukumbini, na mama mkwe, ambaye ndiye aliyelipia ukumbi, anapiga makofi kwa mdundo.

Attention na SIDA ya 1987 ni onyo kuhusu ukimwi, limeandikwa wazi kwenye jina, na bado watu wameicheza wakiwa wamekumbatiana na wasiowajua. Na mwaka 1978, ambao wewe unausifu kwa muziki wa heshima, Franco alifungwa jela kwa sababu ya nyimbo za matusi. Nakuambia haya ili ushike adabu: kuna uwezekano kwamba ule wimbo unaompigia bibi yako kila sikukuu ni mmojawapo. Bibi ana furaha. Wewe unataka nini tena?

Na wakati mwingine taifa zima linasikia vibaya kwa pamoja, tena makusudi. Kasongo ya Super Mazembe ni wimbo wa mke anayemsihi mumewe arudi nyumbani. Mwishoni mwa 2024 vijana wa Kenya wakambandika rais wao jina hilo, na wimbo wa mke mpweke ukawa wimbo wa siasa, ukachezwa upya. Mtunzi angekaa miaka mia asingeupata ujanja huo.

Ukibanwa sana na mtu wa vitabu, anayekwambia kusikia vibaya ni ujinga, mtajie Sylvia Wright. Huyu ni mwandishi wa Marekani. Mwaka 1954 aliandika katika jarida la Harper's kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimsomea shairi la kale la Uskoti kuhusu mtukufu mmoja aliyeuawa, na yeye akasikia kwamba pamoja na mtukufu yule aliuawa bibi mmoja mzuri, Lady Mondegreen. Akamlilia bibi yule. Baadaye akaambiwa hapakuwa na bibi yeyote. Marehemu alilazwa kwenye majani, basi. Wright akakataa katakata. Kwenye shairi la asili, alisema, mtu anakufa peke yake bila hata wa kumshika mkono, na yeye hilo halikubali. Unaona? Huyo si mjinga. Huyo ni mtu wa Kinondoni aliyezaliwa mahali pasipo pake.

Wajapani nao, kwa nidhamu yao, waliligeuza jambo hili kuwa kipindi. Kwenye Tamori Club, ya televisheni ya Asahi, tangu 1992 kulikuwa na sehemu ya watazamaji kutuma nyimbo za kigeni walizozisikia kama Kijapani, na waliofurahisha walipewa zawadi za taulo na fulana. Sisi hatuna taulo, tuna bia za shemeji.

Halafu kuna Lionel Richie, huyu mtunze kwa dharura. Kwenye All Night Long ya 1983 kuna kipande ambacho dunia nzima iliamini ni lugha ya Kiafrika, na Kiswahili nacho kilikuwa miongoni mwa washukiwa. Mwenyewe akakiri kwamba si lugha yoyote, alijibunia tu. Kwa hiyo yule kaka yako aliyeapa mwaka huo kwamba Richie anahesabu moja, mbili, tatu alikuwa na maneno mengi kuliko mwenye wimbo. Hapo aliyesikia vibaya ameshinda bila mpinzani kutokea uwanjani.

Hatua ya 5: Mkongo wa meza ya pili

Kila baa yenye rumba nzuri ina Mkongo mmoja. Kama uko karibu na Kariakoo anaweza kuwa mfanyabiashara aliyekuja kufunga mzigo. Kama uko Kigoma, ni jirani yako. Utamtambua kirahisi. Wimbo ukianza, yeye ndiye mtu pekee ambaye hafumbi macho. Ukifika kwenye kibwagizo na toleo lako, atageuka akuangalie kwa huruma.

Usikimbie. Nenda kwake. Mwambie "Mbote, papa!" kwa sauti ya kusikika meza zote, mpe mkono, urudi kabla hajajibu. Ukimsubiri ajibu atajibu kwa Kilingala, na hapo utakuwa umejipeleka mwenyewe kwenye mtihani.

Akikufuata kukusahihisha, una mambo mawili ya kumpa, nayo yote ni kweli, ndiyo maana yanauma.

La kwanza: Franco alizaliwa Sona Bata, Kongo ya Chini, mwaka 1938, na kuna nyakati aliimba Kikongo. Mgeni wako, kama ni wa Goma, Bukavu au Lubumbashi, Kiswahili anakijua kama wewe na Kilingala anakijua kukuzidi, lakini Kikongo kinaweza kuwa kigeni kwake kama kwako. Kwa hiyo akishasema "hapo hajasema hivyo," mshike bega na umwambie taratibu: "Hapo kaka aliingia Kikongo kidogo." Atanyamaza. Kama kwa bahati mbaya anatoka Kongo ya Chini, mwite mhudumu, amletee ya baridi.

La pili: hata Kinshasa hawakubaliani. Wana namna yao ya kuimba kwa mafumbo, kumpiga mtu vijembe bila kumtaja, wanaiita mbwakela. Sisi tuna mipasho, tunajua ilivyo: ukumbi mzima unajua kasemwa mtu, na kila mtu ana mtu wake anayedhani ndiye kasemwa. Mwambie mgeni wako, "Maneno unayajua, lakini je, unajua alikuwa anamsema nani?" Swali hilo lina uwezo wa kugombanisha Wakongo wawili mpaka alfajiri. Wewe endelea kuimba.

Na akikuzidi kabisa, simama kwenye hoja ya serikali. Desemba 2021 UNESCO iliingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa maombi ya Kongo zote mbili. Urithi wa binadamu. Wewe ni binadamu. Unarithi kwa namna yako.

Hatua ya 6: Sebene

Hapa hatuchelewi, kwa kuwa hapa hakuna kazi. Gitaa likishakolea na maneno yakishakwisha, anaingia atalaku, yule mpiga kelele mwenye kayamba, ambaye kazi yake ni kuamsha miguu. Atalaku wa namna hii walipata umaarufu wakiwa na Zaiko Langa Langa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kayamba lenyewe walilitengeneza kwa kopo tupu la dawa ya kupulizia wadudu. Anachopiga kelele hakihitaji kueleweka. Piga yoyote. Jasho likitoka, umeimba sawasawa.

Kosa moja tu usifanye: usisimame kupumzika ukafungua mdomo kueleza sebene ina maana gani. Watu walikuwa wanakuheshimu mpaka hapo.

Hatua ya 7: Mtoto mwenye simu

Siku hizi adui mkubwa si Mkongo. Ni mpwa wako wa kidato cha tatu. Wewe umefumba macho, yeye kafungua simu, na kabla hujamaliza mstari anakuonyesha: "Mjomba, si hivyo, imeandikwa hapa."

Usipigane na simu. Iombe, iangalie kwa makini, ikunjie uso, kisha uirudishe. Sema: "Nani kaandika hii?" Ni swali halali kabisa. Maneno ya nyimbo mtandaoni, hasa nyimbo za zamani, mengi huandikwa na wapenzi wanaosikiliza na kukisia, na baadhi yao wako ughaibuni na masikio kama yako. Mtoto hatakuwa na jibu. Mwambie sasa, "Huyo naye kasikia vyake." Kisha fumba macho tena.

Akikushambulia kwa upande mwingine, akakutaka uimbe singeli, hapo kuwa mwangalifu. Singeli ni Kiswahili chako mwenyewe, cha Manzese na Tandale, ila kinakimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Utashika neno moja kati ya kumi, na mtoto kashika yote. Kwenye lugha yako huna Kikongo cha kujifichia. Sema tu muziki wa siku hizi hauna maneno. Umri wako unakuruhusu, na yeye hatakuamini, lakini heshima itamzuia kusema.

Na kama Kilingala kimekushinda kabisa, hamia Kihindi. Pwani kuna mabingwa ambao ukiwafikiria utaona haya kujiita mjanja. Wapenzi wa sinema za Kihindi kuanzia Lamu mpaka Unguja wameimba nyimbo nzima, machozi yakiwatoka, bila kujua neno. Kisha wakatokea waimbaji wakasema kwa nini tuteseke? Wakachukua mahadhi ya sinema, maneno wakayaacha Bombay, wakatia Kiswahili chao. Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina kubwa kwa mtindo huo, na maarusi wengi walitoka kwa sauti yake. Kule ni kusikia vibaya kulikopewa kipaza sauti. Wewe bado uko darasa la kwanza.

Hatua ya mwisho: Sikia jina lako

Yote hayo yalikuwa mazoezi. Cheo cha juu kabisa cha kusikia vibaya ni kulisikia jina lako.

Rumba ya kina Koffi Olomide, Werrason na JB Mpiana imejaa majina ya watu. Kinshasa wanaita mabanga. Mfanyabiashara, mwanasiasa, au kijana aliyefanikiwa Paris au Brussels anatoa chake, na jina lake linarushwa ndani ya wimbo, mara nyingine katikati kabisa ya mapenzi, pale sauti inapokuwa nyororo. Sasa fikiria kilichotokea huku. Kwa miaka mingi watu wa Tandika na Eastleigh wameyaimba majina hayo kwa uchungu, mkono kifuani, wakiamini ni mstari wa mapenzi. Kuna tajiri wa Kinshasa aliyelipa ili ajulikane mtaani kwake, na hana habari kwamba dada mmoja wa Temeke humlilia kila Jumamosi akidhani jina lake ni neno la Kilingala la kuachwa. Tangazo lake limefika mbali kuliko malipo.

Unaweza kujipatia na wewe, kwa bei ya hapa hapa. Bendi zetu za dansi zinaujua mchezo, na mapedeshee waliotajwa jukwaani Dar es Salaam wangejaza treni. Utaratibu ni huu.

Subiri wimbo wa polepole. Songea jukwaani bila haraka, shati limechomekewa, uso wa mtu aliyekerwa na uzuri wa muziki. Kama unazo, bandika misimbazi, zile noti za elfu kumi. Kama unayo moja tu, ivunje mapema kwa elfu moja moja, maana ukumbini hakuna anayeona thamani ya noti. Wanahesabu mara ngapi mkono umepanda. Bandika ya kwanza kwenye paji la uso la mwimbaji, ing'ang'anie kwenye jasho. Ya pili shavuni. Ya tatu iache idondoke, uitazame ikidondoka, usiiokote. Mcheza shoo ataiokota, na wote watakuwa wameona kwamba wewe hukuiokota.

Hapo mwimbaji ataondoa kipaza sauti mdomoni, atainama, atakupa sikio. "Nani, bosi?"

Tuseme unaitwa Hamisi. Spika ya besi iko usawa wa kiuno chako, tarumbeta zimekuelekea, mpiga tumba yuko kwenye dunia yake. Utapiga kelele: "Hamisi!" Atatikisa kichwa kwamba kaelewa. Hajaelewa. Atasimama wima, atafumba macho (naye anazijua hatua zote nilizokufundisha), atavuta pumzi, na ukumbi mzima utasikia: "Papaa Misisipi!"

Usimrudie. Usimvute suruali. Nyanyua mkono mmoja, wazungukie watu taratibu, rudi kwenye kiti chako. Hamisi ana deni la kodi ya miezi mitatu na pikipiki iliyo bondi. Misisipi ana watu Marekani. Kesho fundi atakuita Misisipi, keshokutwa mjumbe wa nyumba kumi atakuita Misisipi, na wiki ijayo bendi ikirudia wimbo ule watu watakuwa wanakuimba pamoja na kibwagizo, wengine wakidhani wewe ni neno la Kilingala.

Tatizo litakuwa moja tu, saa tisa usiku, mhudumu atakapokuja na meza nne zilizokunywa kwa jina hilo, ameshika bili ya Misisipi.

Lipa.